Jumamosi ya Karen

Mountain View, Nairobi
12 Machi 2006

Mwanangu Everlyn,

Barua yako imefika, pamoja na ile picha ya bustani ya Kizungu yenye waridi mpaka mlangoni. Nimeibandika kwenye friji. Sasa nisikilize kabla hujafika mbali. Mwezi wa nane huko Leeds ni kiangazi, huku ni baridi. Umekaa huko miaka minne tu na tayari umesahau Karen inavyokuwa Agosti: manyunyu asubuhi, ukungu mpaka saa tano, wageni wamekunja mikono kama wako matangani. Lakini kwa kuwa likizo yako ni Agosti na ya Dedan ni Agosti, basi iwe Agosti, na hicho kiangazi nitakitengeneza kwa mikono yangu.

Nimeshapanga. Bustani ya Karen nimeishika Jumamosi, tarehe kumi na mbili. Hema tatu nyeupe, zile za paa la kuchongoka. Viti mia tatu, kila kimoja na nguo yake ya rangi ya maziwa na utepe wa rangi ya parachichi kama ulivyoomba. Kila meza watu kumi, meza thelathini, na njia ya katikati yenye upana wa mita mbili na nusu ili gauni lisikanyagwe.

Kamati ya harusi sitaki. Sitaki watu wakutane hotelini Jumapili nne mfululizo wakila samosa zangu, halafu watangaze kwamba waliniozea mtoto. Nilianza na viti ishirini vya kuazima pale Kangemi. Nimewapangia matajiri wa Karen viti mpaka kiuno kikaota sugu, na chakula changu nikakila nyuma ya hema nimesimama. Mara hii nitakaa mbele.

Kuna jambo moja. Mzee Ndungu, baba mkubwa wa Dedan, alikuja Jumapili na dada yake. Watu wa heshima sana, walikataa hata kukaa kabla sijakaa. Wakaniuliza boma la baba wa msichana liko wapi, waende kubisha hodi. Nikawaambia hakuna boma. Wakikuuliza na wewe, sema hivyo hivyo.

Mama yako,
Philister


Leeds
26 Machi 2006

Mama,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa zamu akauliza kama nimechanganyikiwa. "Kama wako matangani"! Sawa, nitaleta sweta chini ya gauni.

Lakini Mama, mia tatu? Mimi nawajua watu sitini. Wakijumlishwa na wa Dedan ni sabini na mbili. Hao wengine ni akina nani? Dedan anasema ukimaliza kualika wateja wako wa Karen, sisi wawili tutakosa pa kukaa. Nilichotaka ni kitu kidogo, cha kwetu: watu wanaonijua jina, chakula kizuri, maua meza moja moja, na mtu wa kupiga gitaa. Harusi ambayo nitaongea na kila aliyekuja. Najua utasema ni umaskini wa kujitakia.

Hilo la baba, hapo nimekwama. "Hakuna boma" maana yake nini? Kila nikiuliza unaniambia tulihama kwa sababu kodi ilipanda. Shangazi Annah aliniambia, nikiwa kidato cha pili, kwamba ulimwacha kaka yake kwa sababu hakuwa na kitu na wewe ulikuwa na haraka ya maisha. Sikukwambia kwa sababu nilijua utagombana naye. Sikuhukumu. Ila nina kumbukumbu yake moja tu, Mama, na ni nzuri. Anatengeneza ukuta wa nyumba yetu ya mabati, nami nampitishia misumari kwenye tundu, mmoja mmoja. Ananiambia, "Fundi wangu mdogo." Naona vidole vyake vikichukua.

Mtu aliyeniita fundi hawezi kunishika mkono dakika tano, kutoka mlangoni mpaka mbele?

Wako,
Eve


Mountain View
8 Aprili 2006

Everlyn,

Nitakushika mkono mimi. Nimeshazungumza na mchungaji wetu wa Kangemi na hana shida. Akaniuliza, "Na baba?" Nikamwambia hayo ya baba nitayamaliza mimi. Akaandika tarehe, anajua hema la ibada ya vijana ni langu.

Annah aseme anavyotaka. Annah hajawahi kulala kwangu hata siku moja, na ile siku ya pekee aliyokuja alinihesabia sufuria. Kama nilikuwa na haraka ya maisha, basi haraka hiyo ndiyo iliyokupeleka chuo cha uuguzi. Wewe uliza tu mambo ya maua.

Maua nitachukua kwa Waceke wa Hurlingham. Ana waridi jeupe linalodumu siku tano, nimelijaribu jikoni mwangu. Mpiga picha ni yule kijana Kisilu mwenye studio mjini karibu na Biashara Street, harusi zake hazina watu waliokatwa vichwa. Keki ngazi nne. Tulikubaliana utepe wa parachichi, usinibadilishie tena.

Hao sitini wako ni wako. Wengine ni watu walioniona nikibeba viti kichwani kwenye matope ya Waiyaki Way. Nataka wanione siku hiyo.

Eve, mwanangu, usimtafute. Nakuomba kama mtu anavyoomba. Usimwandikie, usimwulizie kwa Annah, usimpe mtu yeyote jina la mtaa wetu. Tangu uzaliwe nimehama nyumba saba. Mbili za kwanza nilizihama kwa ajili ya kodi. Tano za mwisho hukuniuliza kwa nini, nami nikashukuru.

Mama


Kinoo
20 Mei 2006

Kwa Mama Everlyn, mkwe wetu mpendwa,

Baada ya kukujulia hali wewe na kazi yako, naandika kwa furaha kubwa. Sisi hatuoi kwa dirisha. Msichana ana mlango, na mlango ni baba. Ulipotuambia hakuna boma tulielewa kwamba kuna jambo zito kati yenu wawili, na mtu wa heshima hamlazimishi mama kulisema. Kwa hiyo tuliona tukubebee mzigo huo sisi wenyewe.

Tulimpata dada wa huyo baba, Annah, kwa msaada wa kanisa, naye akatuelekeza. Alhamisi iliyopita tulifika kwa Mzee Zedekiah, kule Vihiga. Tulikwenda wazee wanne, na sukari na blanketi. Amezeeka vizuri. Anaishi peke yake, uwanja umefagiliwa, miti imepandwa kwa mstari. Tulipotaja jina lako alivua kofia. Tulipomwambia binti yake anaolewa, alilia mbele yetu bila aibu. Hakusema neno baya juu yako hata moja. Tulitarajia manung'uniko, hatukuyapata.

Tumemwachia kadi ya mwaliko na ile ramani ya kufika Karen. Ameahidi kufika mapema, hata Ijumaa, aone kama kuna la kusaidia. Tumempa pia sanduku lako la posta ili akuandikie mwenyewe.

Natumaini tumekufungulia njia. Familia ikikaa safu moja, harusi inapendeza.

Ni mimi,
Ndungu


Vihiga
28 Mei 2006

Mama Eve,

Nimeletewa habari zako na wageni wazuri. Nimesikia una hema. Nimesikia una lori. Mimi sina neno, Mungu hubariki anayempenda.

Hapa kijijini sijawahi kusema tumeachana. Wakiuliza, nasema mke wangu yuko safari. Wanacheka, wanasema safari gani hii ndefu. Nawaambia mwanamke wangu namjua, akiitwa hurudi.

Nitavaa suti ya kijivu. Utanitengea kiti safu ya mbele, na chako kando yangu, mkono wa kushoto kama zamani. Usijisumbue kunitafutia mahali pa kulala. Nyumba yako ni nyumba yangu.

Nyumba ya Kangemi walibomoa, lakini kufuli lake nilichukua. Ninalo. Nalitia mafuta kila mwezi, halijaingia kutu.

Tutaonana.

Mume wako,
Zedekiah


Leeds
10 Juni 2006

Mama wangu,

Usikasirike kabla hujafika mwisho. Baba ameniandikia! Mzee Ndungu alimpa Dedan anwani yake, Dedan akanipa, nami nikashindwa kuvumilia. Nilimwandikia kurasa mbili, akajibu nne.

Mama, ni mtu mpole kuliko nilivyofikiri. Hakukusema vibaya. Anasema alikuwa kijana, hakujua kukaa na watu, na kwamba kosa lake lilikuwa kupenda sana. Na anakumbuka misumari! Mimi sikumwambia, ameandika mwenyewe: "Fundi wangu aliyenipitishia misumari bila kuangusha hata mmoja." Nilisoma nikiwa kwenye basi la kwenda kazini, nikalia mbele ya watu.

Ameuliza unapokaa, kwa sababu anataka kuja kukuomba radhi ana kwa ana kabla ya harusi, isije ikawa mnasalimiana kwa mara ya kwanza mbele ya kamera. Nikaona ni jambo la kiungwana. Nimemwelekeza: namba ya nyumba, geti la kijani, jirani mwenye ng'ombe. Nimemwambia Jumanne huwa unarudi mapema.

Najua una maumivu yako. Lakini hayo ni yenu wawili, na mimi nina siku moja tu. Nipe siku hiyo, Mama. Halafu mkitaka msisalimiane tena milele.

Eve wako

N.B. Parachichi au kijani kibichi? Dedan anasema ni rangi moja. Mwambie.


Hurlingham
21 Juni 2006

Mwanangu,

Usiandike tena Mountain View. Niko kwa Waceke, chumba cha nyuma ya duka lake la maua. Jumanne nilichelewa kwa sababu lori lilipata pancha Westlands. Nimemshukuru Mungu kwa pancha hiyo. Nilipofika getini jirani akaniambia, "Mama Eve, mgeni wako ameondoka sasa hivi. Mzee mzuri! Ameacha mkungu wa ndizi." Nikauliza alisema nini. "Aliuliza tu wewe hufunga geti kwa ndani ama kwa nje." Jirani anacheka. Mimi sikuingia ndani. Nilimwambia Sammy, msimamizi wangu, ageuze lori, na nguo alinitolea yeye.

Sikukasirikii. Ulipewa nusu ya habari, ukaijumlisha vizuri. Sasa nitakupa nusu yangu mara moja, halafu hatutairudia.

Tulikaa Kangemi, chumba kimoja cha mabati, mlango mmoja, dirisha hakuna. Baba yako akienda kazini alitufungia kwa kufuli kutoka nje. Kila siku ya kazi. Si kwa hasira. Alisema mke wa mtu hafai kuachwa wazi. Alituachia ndoo, maji na unga. Majirani walijua. Wengine waliniambia nina bahati, nimepata mume anayejali.

Mchana mmoja jiko la jirani lilishika pazia, moto ukaanza kula vyumba. Watu wote wakatoka. Sisi tuko ndani. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Wanaume wawili wakaja kwa nyuma, wakakata bati kwa shoka, wakatuvuta, wewe kwanza. Ulikuwa na miaka mitano. Moto ukazimwa ukiwa vyumba viwili kutoka kwetu.

Baba yako alirudi jioni. Hakuuliza kama tumeungua. Aliuliza nani amekata bati. Na hao wanaume walinishika wapi wakinivuta. Kisha akaturudisha ndani, akafunga kufuli, akazunguka nyuma na nyundo. Mkebe wa misumari ulikuwa ndani, chini ya kitanda. Akakuita wewe. Ulipenda kusaidia, Eve, tangu utotoni ulipenda kusaidia. Ukampitishia msumari mmoja mmoja, na lile tundu likawa linapungua, mpaka vidole vyake havikuonekana tena. Ukanigeukia, umefurahi, ukasema, "Mama, tumemaliza."

Tulitoka siku aliyolala na malaria akashindwa kuinua kichwa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Sijakuambia haya kwa sababu kumbukumbu hiyo ilikuwa nzuri kwako, na nilisema acha mmoja wetu awe na kitu kizuri kutoka nyumba ile. Barua aliyoniandikia naiweka humu ndani. Usome mwenyewe habari ya kufuli.

Sasa jambo ninaloliogopa, na usilicheke. Nina wafanyakazi kumi na wanne. Nagombana na madereva, na wenye benki, na mabibi wa Karen wenye mbwa. Lakini siku ile getini, kabla sijamwambia Sammy ageuze, nilijikuta nawaza, "Niingie tu nimpikie, atakuwa na njaa." Eve, yule mtu hakuwepo hata, na mimi nilikuwa tayari namtii. Siogopi kwamba atanipiga. Naogopa kwamba atasema "kaa", nami nitakaa.

Kwa hiyo akiwepo yeye, mimi sitakuwepo. Hema, viti, chakula, vyote vitafika kwa wakati. Mimi hapana.

Mama


Leeds
2 Julai 2006

Mama,

Nimesoma mara moja, nikashindwa kurudia. Dedan ndiye aliyesoma mara ya pili, kwa sauti, nimemgeuzia mgongo.

Nataka kukwambia sikuamini mara moja. Ni vizuri ujue. Nilikasirika, nikasema Mama ameniharibia hata hicho kimoja. Nikaenda kazini na hasira yangu. Nikiwa nampima mgonjwa joto, nikauona tena ule ukuta, kama ninavyouona siku zote. Tundu, na mwanga kwenye tundu, na vidole vinavyoingia kutoka kwenye mwanga. Miaka yote hii, Mama, sijawahi kujiuliza kwa nini mimi ndiye niko gizani. Yeye alikuwa nje. Mimi nilikuwa ndani nampa misumari ya kunifungia. Ikabidi nikae chini kwenye sakafu ya wodi.

Na nimempa rangi ya geti lako. 

Dedan amempigia simu Mzee Ndungu. Hakumwambia yote, alimwambia ya kutosha. Sasa sikiliza mpango wetu, uupigie hesabu zako. Tutafika tarehe saba Agosti. Tufunge ndoa Alhamisi tarehe kumi, asubuhi, kanisani kwa mchungaji wako, watu wale sabini na mbili tu, wapigiwe simu siku moja kabla. Chakula cha mchana uani kwa Waceke. Wewe unishike mkono.

Na Karen usiiguse. Kadi zibaki vilevile, hema ziwekwe vilevile. Wateja wako na wengine walioalikwa wapigiwe simu Ijumaa jioni wasije. Mtu huyo akisikia harusi imevunjwa, atakuja kukutafuta. Akidhani ni Jumamosi, tutajua Jumamosi atakuwa wapi. Barua zake sitazijibu tena, lakini ya mwisho nimemjibu kwa mistari mitatu, ya upole, ili asishuku. Niliiandika upya mara nne.

Hao wote uliotaka wakuone siku hiyo, Mama, najua ninachokunyima.

Eve


Kinoo
15 Julai 2006

Mama Everlyn,

Barua hii ataileta mwanangu mkononi, na ataondoka bila kuuliza jibu.

Nilikwenda kwa mtu yule na blanketi, nikarudi nikijisifu kwa mke wangu. Wewe ulituambia hakuna boma, nasi hatukukusikia kwa sababu tulikuwa tunasikiliza desturi. Sina la kujitetea.

Ameniandikia akiuliza kama ratiba imebadilika. Nimemjibu kwamba wazee hawabadilishi ratiba. Jumamosi hiyo nitakuwa Karen mimi na ndugu zangu watano. Wewe usije. Nakuomba usije.

Ndungu


Mountain View
14 Agosti 2006

Mwanangu, Bibi Dedan,

Barua hii mtaikuta mlangoni mkirudi Leeds. Sikutaka kuisema kwa simu nikawaharibia fungate yenu ya Naivasha, na pia nikiisema nitalia, na nimechoka kulia.

Ilikuwa nzuri, Alhamisi yenu. Kisilu amenionyesha picha chache. Ile ya uani kwa Waceke, unapomlisha Mzee Ndungu keki naye amefumba macho kama mtoto anayepewa dawa, nimeagiza kubwa. Nilihesabu watu sabini na wanne. Wale wawili wa ziada sikuwajua, lakini walicheza vizuri.

Mzee Ndungu alinikataza Karen. Nilikwenda. Nilimwambia Sammy ni kwa sababu ya nguo za viti, zisije zikalowa. 

Alikuwa amefika kabla yetu. Suti ya kijivu. Ameketi safu ya mbele, hema la katikati, viti mia tatu nyuma yake na mtu hakuna hata mmoja. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mzee Ndungu na ndugu zake walikuwa wamesimama kando, wamemwambia kila kitu: harusi imekwisha, bibi harusi ameondoka, arudi kwao. Alikuwa amewaambia, kwa upole, kwamba anamngoja mke wake.

Nilibaki ndani ya lori. Eve, sitakudanganya. Nilitaka kumwambia dereva anirudishe. Halafu nikafikiri, kesho ni Jumapili, atajua kanisa. Keshokutwa ana rangi ya geti. Nikashuka kabla sijamaliza kufikiri.

Aliniona nikitembea ile njia ya katikati. Akatabasamu. Akavuta kiti cha kushoto kwake, akakipangusa na leso yake, akakigonga mara mbili kwa kiganja. Akasema, "Mama Eve. Kaa."

Mwili wangu ulianza kukaa. Nakwambia ukweli. Goti lilikunjika. Nilishika mgongo wa kile kiti ili nisianguke, na kiti ni cha plastiki, chepesi, kikainuka mkononi mwangu. Nikajikuta nimesimama nimekishika kiti hewani. Sikujua nikifanyie nini. Kwa hiyo nilifanya ninachofanya nacho kila siku. Nilikivua nguo, nikakipachika juu ya kingine. Kisha nikavua cha pili. Nikasema, "Sammy, tunafunga."

Wakaanza. Watu kumi na wanne, wanajua kazi, hawakuuliza. Viti vikawa vinapandana, kumi kumi, lorini. Yeye amekaa. Akasema tena, "Phili, nimesema kaa." Mimi nikawa nakunja vitambaa, na Mzee Ndungu akaja kunishikia pembe moja, kama tunakunja shuka. Tukashusha hema la kwanza. Tukashusha la tatu. La katikati Sammy aliniuliza kwa macho. Nikamwitikia. Wakafungua kamba, turubai likashuka pole pole nyuma yake, na mvua ikamkuta pale kwenye nyasi, mtu mmoja kwenye kiti kimoja.

Sammy akasema, "Mama, bado kile." Nikamwambia, "Mwacheni nacho."

Wazee walibaki naye mpaka alipoinuka. Walimpandisha basi la Kakamega jioni hiyo, wawili wakamsindikiza mpaka Nakuru wahakikishe hashuki. Mzee Ndungu amemwambia kwamba akionekana tena Nairobi, mazungumzo yatakuwa na chifu na polisi, na kwamba wazee sita wataapa. Sijui kama hilo linamtisha. Sijawahi kujua kinachomtisha.

Nimerudi nyumbani kwangu jana. Geti nimelipaka rangi nyeusi. Waceke analala hapa wiki hii, anakoroma kama jenereta, na sijawahi kupenda kelele hivyo. Bado naogopa. Usiniandikie kwamba sasa yamekwisha, wala usinipigie hesabu za kwamba amezeeka. Jumamosi nina harusi ya watu wa Lavington, viti mia mbili na hema mbili, na mama yake bibi harusi ameshaniita mara nne kuuliza kama itanyesha. Nimemwambia ni Agosti, bila shaka itanyesha, alete sweta.

Mama yako,
Philister